Chai ipo, parachichi lipo, barua haifiki: Wauzaji wa Lupembe na programu za barua pepe

*Programu za kompyuta za kutangaza biashara kwa barua pepe zimeongezewa uwezo mwingi, lakini sheria za nchi na masharti ya wenye mitandao yamefanya swali la kwanza lisiwe ni barua ngapi zitatumwa, bali ni nani aliyeridhia kuzipokea.*

Na Mwandishi Wetu, Makambako

Katika duka moja la steshenari lililo kando ya barabara kuu iendayo Zambia mjini Makambako, mahali ambapo malori ya Songea hujitenga na malori ya Mbeya na ambapo upepo wa nyanda za juu hauachi kugonga mabati ya mapaa, karani wa kikundi kimoja cha wakulima, aliyetoka Lupembe kwa basi la alfajiri, aliketi mbele ya kompyuta, akafungua daftari la shule lililojaa anwani za wanunuzi zilizokusanywa katika maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, akaanza kuzinakili moja baada ya moja.

Alipozimaliza aliandika barua fupi ya kutangaza chai na maparachichi, akaambatisha picha nzito zilizopigwa kwa simu, akazitia anwani zote pamoja katika nafasi ya mpokeaji, hata kila mnunuzi akaweza kuzisoma anwani za wenziwe wote, kisha akabonyeza kitufe cha kutuma.

Kabla ya adhuhuri majibu yalikuwa yameanza kuingia, nayo aghalabu hayakutoka kwa wanunuzi bali kwa mashine: anwani haipo, ujumbe ni mzito mno, ujumbe umekataliwa. Nauli ilikuwa imekwisha kulipwa, saa za kompyuta zimelipwa, na bidhaa bado iko Lupembe.

Hasara hiyo haikutokana na uvivu wala ujinga. Imetokana na jambo ambalo wakulima na wafanyabiashara wengi wa Njombe hawakuelezwa: kwamba kutuma barua moja kwa watu mia kumekuwa kazi yenye zana zake, kanuni zake na adabu yake, na kwamba mwenye kuzipuuza hukataliwa mlangoni hata awe na bidhaa njema namna gani.

## Bidhaa imara, njia ndefu

Lupembe ni tarafa ya Wilaya ya Njombe, katika mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Iringa. Imejaaliwa ardhi na mvua zilizowawezesha wakulima wake wadogo kulima chai na kahawa, kupanda miti ya mbao, na katika miaka ya karibuni kustawisha maparachichi ya aina ya Hass. Ilhali Madeke, iliyo mbele zaidi katika barabara itokayo Kibena kupitia Lupembe, imejipatia sifa kwa mananasi yake.

Makambako, kwa upande wake, ni mji wa njia panda. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inakutana hapo na barabara ya Zambia na ile ya Njombe na Songea, kwa hiyo mzigo wa Lupembe unaokwenda mbali aghalabu hauna budi kupita hapo.

Lakini soko lenyewe liko mbali kuliko reli ifikapo. Chai ya Afrika Mashariki imezoea kuuzwa katika mnada ulioanza Nairobi mwaka 1956 ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Parachichi huingia Ulaya kwa bandari kama Rotterdam, na tangu makubaliano yaliyotiwa saini Beijing mwezi Novemba 2022, China nayo imelifungulia mlango parachichi la Tanzania.

Mnunuzi wa namna hiyo hatafunga safari ya kuja kuutazama mzigo kabla hajajua bei, uzito, daraja la bidhaa, na kama upo waraka wa afya ya mimea utolewao na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Maelezo hayo yote, tangu bei hata cheti, husafiri kwa barua pepe, kwa sababu ndiyo njia inayobaki katika kumbukumbu za ofisi na inayoweza kuonyeshwa benki, bandarini na mahakamani.

Mnunuzi wa mbali huanza kuijua Lupembe kwa barua. Barua ikikataliwa, bidhaa imekataliwa kabla haijaonjwa.

## Asili ya barua, asili ya kero

Barua pepe ya kwanza ya mtandao ilitumwa mwaka 1971 na Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani aliyeichagua alama ya @ ili itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake, na haikupita miaka kumi kabla mfanyabiashara hajauona mwanya.

Mwezi Mei 1978 Gary Thuerk, afisa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliwatumia tangazo watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET bila ya kuwataka idhini. Wapo walionunua, na wapo waliokasirika, na mabishano yaliyozuka siku ile baina ya muuzaji atakaye kusikika na mpokeaji atakaye utulivu ndiyo yaliyopo mpaka leo.

Katika miaka ya 1990, kompyuta za mezani zilipoenea maofisini, zilitokea programu zinazowekwa ndani ya kompyuta ya muuzaji mwenyewe, zenye kuhifadhi orodha ya wateja, kuipokea barua moja na kuitoa nakala kwa kila mteja kwa jina lake. Baadaye zikaja huduma za mtandaoni, ambazo orodha na barua hukaa katika kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo na muuzaji hulipa kila mwezi.

Mashuhuri miongoni mwa huduma hizo ni Mailchimp, iliyoanzishwa Atlanta mwaka 2001 na kununuliwa na kampuni ya Intuit mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12. Fedha hizo ni ithibati tosha ya kwamba barua pepe ya biashara, ambayo wengi hudhani imekwisha kufa kwa kuja kwa simu za kisasa, bado ni mali.

## Yaliyoongezwa katika programu

Mtu aliyeziacha programu za mezani miaka kumi iliyopita na kuzirudia leo atakuta mambo saba ya kuyajua, mengine mapya na mengine ya tangu zamani, nayo yote yanamhusu muuzaji wa Lupembe kama yanavyomhusu muuzaji wa London.

La kwanza ni namna ya kuingia. Zamani programu ilipewa anwani na nywila ya akaunti ikazitumia itakavyo. Lakini Google iliufunga mlango huo kwa akaunti za watu binafsi mwezi Mei 2022, na Microsoft ikaanza mwezi Oktoba mwaka huo huo kuzifungia akaunti za ofisi njia hiyo ya kale ya kusomea barua. Programu nyingi za zamani zikagoma ghafla, na wenye nazo wakadhani zimeharibika.

Programu mpya humpeleka mwenye akaunti katika ukurasa wa mtoa huduma, akatoa idhini huko huko, na programu yenyewe haipati kuijua nywila. Kwa watu wanaotumia kompyuta za dukani, faida ya jambo hili haina kifani, madhali nywila iliyoachwa katika kompyuta ya watu wote ni mlango uliosahauliwa wazi.

La pili ni kumwandikia kila mtu barua yake. Thunderbird, programu ya bure iliyotoa toleo lake kamili la kwanza mwaka 2004, ikiongezewa kiambata kiitwacho Mail Merge, huweza kusoma jedwali la majina na kumtumia kila mnunuzi barua yenye jina lake, bidhaa aliyoiulizia na mji wake, bila ya yeyote kuiona anwani ya mwenziwe. Kosa la kumwaga anwani zote hadharani, ambalo ndilo lililotendeka katika duka lile la Makambako, huondoka lenyewe.

La tatu ni kuigawa orodha kwa mafungu. Mnunuzi wa chai wa Mombasa hana haja ya habari za mananasi ya Madeke, na mwenye hoteli ya Mbeya hana haja ya bei ya kontena la parachichi. Programu ikijua nani ni nani, kila mmoja hupata linalomhusu, na barua inayomhusu mtu ndiyo anayoisoma.

La nne ni kusoma majibu ya mashine. Barua iliyokataliwa hurudi na tarakimu: ikianza na 5, kosa ni la kudumu na anwani hiyo haifai tena, ikianza na 4, kizuizi ni cha muda, na yafaa kujaribu baadaye. Programu nzuri huyasoma majibu hayo yenyewe, ikazitenga anwani zilizokufa, ilhali mtu asiyekuwa nayo huendelea kuziandikia mwaka hata mwaka, na kwa kufanya hivyo huharibu sifa ya anwani yake machoni mwa wenye mitandao.

La tano ni kiasi cha mwendo. Akaunti ya kawaida ya Gmail huruhusiwa kutuma barua 500 kwa siku, na mwenye kuuvuka mpaka huo hufungiwa kwa muda. Programu za sasa huweza kuamriwa zitume barua chache, zipumzike, kisha ziendelee, na kusimama kabla ya mpaka kufikiwa. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, hukumbuka zilipoishia, hata mtu mmoja asipate barua mara mbili.

La sita ni kiungo cha kujiondoa, ambacho mpokeaji hukibonyeza mara moja tu na jina lake likafutwa bila ya maswali. La saba ni msaada wa akili mnemba katika kutunga barua, msaada ambao una manufaa kwa mtu anayemwandikia mgeni kwa lugha asiyoizoea, ila kwa sharti kwamba kila bei, kila kipimo na kila tarehe vihakikiwe na binadamu, kwa kuwa mashine huandika kwa ufasaha hata pale inapokosea.

Tarakimu ikianza na 5, anwani imekufa. Ikianza na 4, subiri ujaribu tena.

## Wenye zana yao na wenye kukodi

Katika suala la kuchagua baina ya programu iliyomo katika kompyuta yako na huduma ya mtandaoni, pande mbili zina hoja zenye uzito, na si haki kuupuuza upande wowote.

Wanaopenda programu ya kompyuta husema kwamba hununuliwa mara moja au hupatikana bure, kwamba barua huweza kutungwa na orodha kupangwa hata bando likiwa limekwisha au mtandao umekatika, na kwamba orodha ya wateja, ambayo ni jasho la miaka, hukaa mikononi mwa kikundi chenyewe. Huwakumbusha wenzao pia kwamba huduma za mtandaoni hulipwa kwa dola, na dola iliadimika nchini katika miaka ya 2023 na 2024.

Tena husema kwamba mwenye kukodi hana kauli juu ya masharti. Mwaka 2023 Mailchimp iliupunguza mpaka wa orodha ya bure kutoka majina 2,000 hadi 500, na kila aliyekuwa na majina zaidi hakuwa na budi kulipa, kupunguza au kuhama.

Wanaopenda huduma za mtandaoni hujibu kwamba kazi kubwa katika barua pepe ni kufika, wala si kuandika, na kwamba kampuni hizo zina seva zinazojulikana na kuaminiwa, zinazofuta anwani zilizokufa na kuwaondoa wanaotaka kuondoka bila ya karani kukumbushwa. Huongeza kwamba kompyuta huibwa, huungua kwa umeme uliorudi kwa nguvu na huingiwa na virusi, na orodha isiyokuwa na nakala hupotea pamoja nayo.

Tena huonyesha jambo ambalo wanunuzi wa programu aghalabu hawaambiwi: kwamba programu inayodai kutuma moja kwa moja kutoka kompyuta ya ofisini, bila ya kupitia seva ya mtoa huduma, haina mwisho mwema, kwa kuwa mashirika kama Spamhaus, lililoanzishwa mwaka 1998 kupambana na barua taka, huziorodhesha anwani za mtandao za majumbani na za simu kuwa hazistahiki kutuma barua, na wapokeaji wakubwa huzikataa pasipo kuzisoma.

Suluhu iko katikati. Kikundi chenye wanunuzi mia mbili au mia tatu kinaweza kuihifadhi orodha na kuandaa barua katika kompyuta yake, kisha kikazipitisha barua hizo katika seva ya mtoa huduma anayeaminika, kwa anwani yenye kikoa (jina la mtandaoni) cha kikundi chenyewe. Kampuni yenye maelfu ya wateja, na isiyokuwa na mtu wa kushughulikia orodha kila siku, ni heri ikodi.

## Na wale wa WhatsApp?

Uko upande wa tatu, nao una wafuasi wengi katika masoko ya Njombe, unaosema kwamba haya yote ni usumbufu, kwa kuwa dalali wa viazi, fundi wa mbao na mwenye gari wote wako katika WhatsApp, na ujumbe mfupi wa simu humfikia hata asiyekuwa na intaneti.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa biashara ya ndani, na mtu asiache simu yake kwa ajili ya makala haya. Lakini kundi la WhatsApp haliwezi kutunza mkataba kwa utaratibu, halimtenganishi mnunuzi na mshindani wake, na huanika namba za watu mbele ya watu wasiowajua. Na idara ya manunuzi ya kampuni ya Ulaya au Ghuba, yenye kupaswa kuweka kila nukuu ya bei katika faili, haitaacha kusema: tuandikieni barua.

## Milango yenye walinzi wapya

Tangu mwezi Februari 2024, Google na Yahoo wameweka masharti ambayo yamebadili kazi hii kuliko programu yoyote. Mwenye kutuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail sharti athibitishe utambulisho wake kwa njia tatu, aweke kiungo cha kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na maombi ya kujiondoa yatimizwe ndani ya siku mbili. Microsoft nayo ilifuata kwa masharti ya uthibitisho yanayofanana na hayo mwezi Mei 2025.

Njia hizo tatu hujulikana kwa herufi za SPF, DKIM na DMARC. Ya kwanza ni tangazo la mwenye kikoa linalotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Ya pili ni muhuri unaothibitisha kwamba barua haikubadilishwa njiani. Ya tatu ni agizo kwa wapokeaji la nini kifanywe barua ikikosa uthibitisho huo.

Muuzaji mdogo asidhani kwamba hayamhusu. Hata mwenye kutuma barua chache hutakiwa awe na SPF au DKIM, na mtu anayetumia anwani ya Gmail lakini akazipitisha barua zake katika seva ya mtu mwingine huonekana kuwa mwenye kughushi, nazo huishia katika barua taka. Dawa ni kikundi kuwa na kikoa chake, mathalani chenye mwisho wa .co.tz, na kumtaka aliyekiuza aziandike kumbukumbu hizo tatu.

Uko mpaka mwingine uliowekwa, nao ni wa malalamiko: yasifike matatu katika kila barua elfu moja. Kwa mwenye orodha ndogo, watu wachache tu wakibonyeza kitufe cha barua taka, jina lake limechafuka, na kulisafisha huchukua muda mrefu kuliko kulichafua.

Malalamiko matatu katika barua elfu moja yanatosha kuufunga mlango.

## Sheria ya nchi na haki ya mpokeaji

Katika mabishano haya yote kuna mtu ambaye aghalabu hasikiki, naye ni mpokeaji. Yeye hakuomba kujazwa kikasha, hulipia bando la kupakua picha asizozitaka, na muda wake una thamani sawasawa na muda wa muuzaji.

Sheria ya Tanzania imemwangalia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kutuma tangazo la biashara lisiloombwa isipokuwa mlaji ameridhia, mtumaji amejitambulisha pamoja na kutaja makusudi yake mwanzoni mwa ujumbe, na mpokeaji amepewa njia ya kukataa yanayofuata.

Ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo kwayo jina, namba na anwani ya mtu si mali ya aliyeziandika daftarini bali ni amana, na mwenyewe ana haki ya kujua zinatumikaje na kuzuia zisitumike kumtangazia biashara. Wakusanyaji na wachakataji wa taarifa hizo hutakiwa wajisajili katika Tume.

Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Umoja wa Ulaya una kanuni zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, zinazoweza kumfuata hata muuzaji aliye nje ya Ulaya iwapo anawauzia watu waliomo humo. Kwa hiyo karani wa Lupembe anayemwandikia mtu wa Mombasa na mtu wa Rotterdam kwa asubuhi moja amesimama chini ya sheria za pande tatu kwa pamoja, nazo zote zinamwuliza swali moja: mtu huyu aliridhia?

Hapo ndipo biashara ya kuuziana orodha za anwani inapobainika kuwa ni hasara tupu. Anayenunua anwani elfu kumi za watu wasiomjua hununua ukiukaji wa sheria, anwani zilizokufa na malalamiko, vyote kwa fedha taslimu.

## Nasaha kwa mwenye kuanza

Anza kwa ridhaa iliyoandikwa. Katika maonyesho, weka karatasi yenye safu ya jina, anwani, bidhaa anayoitaka mtu, tarehe, na saini ya kukubali kuandikiwa. Karatasi hiyo ihifadhiwe, kwa kuwa siku ya mashitaka ndiyo ushahidi.

Chagua wachache wanaofaa. Kama mchumaji wa chai achumavyo majani mawili na chipukizi moja akayaacha yaliyokomaa, karani naye abakishe wanunuzi wanaojibu, na asiyejibu kwa mwaka mzima aulizwe mara moja kama bado anataka barua, akinyamaza, aondolewe.

Kichwa cha barua kiseme kweli. "Parachichi la Hass kutoka Lupembe: bei na uzito wa mwezi huu" ni kichwa kinachomweleza mnunuzi anachokwenda kusoma, ilhali herufi kubwa, alama nyingi za mshangao na ahadi za ofa zisizokuwapo humkasirisha msomaji na kuziamsha mashine za kuchuja.

Barua iwe nyepesi. Gmail haikubali kutuma kiambatisho kinachozidi megabaiti 25, na hukata maandishi ya barua yanayozidi takriban kilobaiti 102, hata sehemu ya chini, ambayo aghalabu ndiyo yenye kiungo cha kujiondoa, isionekane. Picha zipunguzwe ukubwa, na kuwe na nakala ya maandishi matupu kwa wenye mtandao dhaifu.

Angalia saa ya mpokeaji. Saa tatu asubuhi Makambako ni saa nne Muscat, saa tano na nusu Mumbai na saa nane mchana Beijing, ilhali Rotterdam watu bado hawajaingia ofisini. Programu huweza kupangiwa saa ya kutuma kwa kila fungu.

Usidanganyike na hesabu ya waliofungua. Tangu mwezi Septemba 2021 Apple huzipakua picha za barua kwa niaba ya watumiaji waliowasha kinga yake ya faragha, na programu huhesabu kwamba barua imefunguliwa hata kama haikusomwa. Kipimo cha kweli ni majibu, maswali ya bei na maagizo.

Jitumie mwenyewe kwanza. Kila barua itumwe katika akaunti mbili au tatu za majaribio, isomwe katika simu na katika kompyuta, majina yahakikiwe, ndipo orodha iguswe.

Linda orodha. Nakala yake iwekwe mahali pawili, faili lifungwe kwa nywila, na isiachwe kamwe katika kompyuta ya dukani wala katika flashi inayozunguka mikononi mwa watu.

## Nani atafundisha?

Makosa yaliyoelezwa hapo juu hayahitaji fedha nyingi kuyaondoa. Thunderbird ni ya bure, karatasi ya ridhaa ni ya bure, na kumbukumbu tatu za kikoa huandikwa kwa siku moja na mtu anayeijua kazi hiyo. Kinachokosekana ni mafunzo, na mafunzo hayo hayana mwenyewe.

Maafisa ushirika na maafisa biashara wa halmashauri za Njombe na Makambako wamezoea kuwafundisha wakulima ubora wa bidhaa, vipimo na utunzaji wa hesabu. Waongeze somo hili, kwa kuwa mkulima aliyefundishwa kuchuma vizuri lakini hakufundishwa kumwandikia mnunuzi amebaki mikononi mwa dalali anayejua kuandika.

Vyama vya ushirika navyo vimteue mtu mmoja awe na dhamana ya orodha, ajulikane kwa jina, na awajibike kwa wanachama kila mwaka juu ya nani aliyeongezwa, nani aliyeondolewa, na maagizo mangapi yaliyotokana na barua zilizotumwa.

Kwa muuzaji anayesoma makala haya akiwa na daftari la anwani mkononi, neno ni moja: kabla ya kununua programu yoyote, waandikie wale uliokutana nao uso kwa uso, mmoja mmoja, uwaulize kama wanapenda kuendelea kupata habari za bidhaa zako. Watakaokubali, hata wakiwa ishirini, ndio orodha yako halali, anza nao.